Mama Yuko Wapi? Uhakiki wa Filamu Mbili za Rufaa

Tukiulizwa nani mhusika mkuu wa hadithi ya rufaa, wengi wetu tutajibu haraka haraka: mfungwa. Wachache watasema wakili. Ni nadra kumsikia mtu akimtaja yule wa tatu, anayeamka alfajiri siku ya kutembelea gereza akiwa na sabuni na dawa ya meno kwenye kikapu, anayesimama dirishani pa masijala kuulizia nakala ya hukumu, kisha anarudi nyumbani kuwaambia watoto kwamba bado. Huyu ndiye anayeibeba rufaa mgongoni. Katika makala haya nadai kwamba sanaa ya filamu, hata pale inaposimama upande wa wanyonge, haijui imfanye nini mtu huyu. Ama inamfuta, ama inamgeuza kuwa kitu kingine. Nitatumia filamu mbili: In the Name of the Father ya Jim Sheridan (1993), ambayo nadhani wengi wa wasomaji wa jarida hili wameiona, na Conviction ya Tony Goldwyn (2010), ambayo sifa zake zilikuwa ndogo na kwa maoni yangu ilionewa.

Kwanza historia. Tarehe 5 Oktoba 1974 mabomu ya IRA yalilipuka katika baa za mji wa Guildford, Uingereza, yakaua watu watano. Vijana wanne walikamatwa na kubanwa na polisi mpaka wakatia saini maungamo. Mmoja wao alikuwa Gerry Conlon wa Belfast, aliyehukumiwa kifungo cha maisha Oktoba 1975. Baba yake, Giuseppe, mtu mgonjwa wa kifua, alikuwa amevuka bahari kwenda London kumtafutia mwanawe wakili. Naye akakamatwa! Mwaka 1976 akafungwa miaka 12 pamoja na jamaa zake, familia ya Maguire, kwa madai ya kushika baruti, na Januari 1980 akafa akiwa bado mfungwa. Rufaa ya Gerry na wenzake ilikataliwa 1977, ingawa wanachama wa IRA waliokamatwa kwa makosa mengine walikuwa wamesema wazi kwamba Guildford ilikuwa kazi yao. Wanne hao waliachiwa tarehe 19 Oktoba 1989, baada ya kugundulika kwamba kumbukumbu za polisi za mahojiano zilikuwa zimechezewa. Hukumu za akina Maguire zilifutwa 1991.

Sasa tuhesabu waliobaki nje. Sarah Conlon, mke wa Giuseppe na mama wa Gerry, alibaki Belfast, mume jela, mwana jela, nauli ya kuvuka bahari kuwaona ikitoka kwenye mshahara wake mdogo wa kazi ya hospitalini. Aliandika barua kwa maaskofu na wanasiasa, mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwa wakubwa walioshawishika ni Kardinali Basil Hume, aliyekwenda kumwona Giuseppe gerezani na baadaye akaishikia bango kesi hiyo. Gerry alisimulia kwamba mama yake alikuwa akimhimiza awaombee waliomsingizia. Waziri Mkuu Tony Blair aliiomba familia hiyo radhi hadharani mwezi Februari 2005. Mama Sarah alifariki 2008.

Hebu tuitazame filamu yenyewe. Sheridan ni fundi, hilo halina ubishi. Daniel Day-Lewis na Pete Postlethwaite wameigiza mpaka mtazamaji anasahau kwamba hawa si baba na mwana. Lakini ili auone uhusiano huo, Sheridan amewaweka wawili hao katika chumba kimoja cha gereza kwa miaka. Si kweli, hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Kesi zao mbili amezifanya moja. Wakili Gareth Peirce, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa kesi, amemsimamisha mbele ya majaji akitoa hotuba ya moto, jambo ambalo kwa taratibu za Uingereza za wakati ule lilikuwa la wakili wa aina nyingine kabisa. Filamu ilipotoka, baadhi ya magazeti ya Uingereza yaliishambulia kwa mambo kama haya. Mimi siishambulii kwa hilo. Sanaa ina ruhusa ya kupindisha tarehe na kuta. Swali la mhakiki ni hili: kila kilichopindishwa kimemfaidi nani, na kimemnyang'anya nani?

Tazama kalamu. Katika filamu, anayekaa kitandani gerezani akiandika barua za kuomba msaada ni Giuseppe. Sikatai kwamba Giuseppe naye aliandika. Lakini barua za Belfast, za mezani kwa mama anayetoka kazini, hatuzioni. Tazama pia usimulizi. Gerry anajirekodi kwenye kaseti, na wakili anamsikiliza ndani ya gari. Hadithi inatoka kwa mfungwa na kuingia sikioni mwa wakili, haipiti nyumbani hata kidogo. Mama, anayeigizwa na Marie Jones (ambaye naye ni mwandishi wa tamthilia, na si mwandishi mdogo), anapewa vipande vichache: jikoni, mlangoni, na uso wa wasiwasi. Hata jina la filamu limemtoa. Kwa jina la Baba, na la Mwana; anayejua sala hiyo anajua kwamba mama hamo.

Watetezi wa Sheridan watasema: bwana we, filamu ni ya saa mbili, na dhamira yake ni baba na mwana, huwezi kuweka kila kitu. Sawa. Ila mbona kilichoachwa ni kilekile kila mara? Nadhani jibu liko kwenye msuko. Tumefundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba msuko ni tukio linalozaa tukio. Kazi ya anayefuatilia rufaa haizai tukio. Leo anakwenda, anaambiwa njoo wiki ijayo. Wiki ijayo anakwenda, karani yuko likizo. Ukiweka hilo mara tano kwenye filamu, mtayarishaji atalikata mara nne, na ile moja iliyobaki itakuwa imepoteza maana, kwa sababu maana yake ilikuwa katika kurudiwa.

Hapa niseme jambo la nyumbani. Shangazi yangu mmoja anafuatilia rufaa ya mwanawe aliyefungwa maisha. Kwa sheria yetu ya Tanzania, anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu hutoa taarifa ya kusudio ndani ya siku 10 na kuwasilisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45, na siku za kusubiri nakala hazihesabiwi. Mfungwa anaweza kupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Ukisoma sheria hiyo unaona mambo yamenyooka. Lakini hizo siku “zisizohesabiwa” shangazi anazihesabu, moja moja, kwa nauli ya daladala. Hajui Kiingereza cha mwenendo wa kesi. Ananiletea mimi nimsomee, nami naruka kurasa fulani, na yeye anajua kwamba naruka. Kama binamu yangu alitenda au hakutenda, mimi sijui. Nadhani shangazi pia hajui, na hajawahi kuniuliza ninaonaje. Anauliza tu kama sababu za rufaa zimekaa vizuri.

Nimelitaja hili kwa sababu filamu zote mbili zimeukwepa ugumu huo. Kwa Sheridan tunajua tangu mwanzo kwamba Gerry hana hatia. Taharuki ni lini dunia nzima itajua tunachojua sisi. Lakini anayempenda mfungwa, mara nyingi, hana tunachojua sisi. Anatetea gizani. Hiyo ndiyo ingekuwa tamthilia kweli kweli.

Twende kwa Conviction. Nayo imetokana na kisa cha kweli. Mei 1980 Katharina Brow aliuawa nyumbani kwake Ayer, Massachusetts, nchini Marekani. Kenneth Waters alipatikana na hatia 1983, akafungwa maisha. Dada yake, Betty Anne, alikuwa ameacha shule kabla ya kumaliza sekondari. Akafanya mtihani wa kufidia, akaenda chuo, kisha akasomea sheria Rhode Island, huku akifanya kazi baa na kulea watoto wawili wa kiume. Akawa wakili. Akatafuta kielelezo cha damu ambacho wakubwa walidhani kimeshateketezwa, akakikuta kwenye boksi mahakamani, na kwa msaada wa Barry Scheck wa Innocence Project vinasaba vikapimwa. Havikuwa vya Kenneth. Alitoka Machi 2001, baada ya miaka 18.

Kisanaa filamu hii ni dhaifu kuliko ile ya Sheridan. Muziki unatuambia lini tulie, na mbinu rejeshi za utotoni ni nyingi mno na tamu mno. Hata hivyo imefanya jambo ambalo Sheridan hakulithubutu: imemweka aliye nje katikati. Hilary Swank, anayemwigiza Betty Anne, anaonekana akichelewa darasani, akisinzia juu ya vitabu, akipiga simu ileile ya kuulizia boksi lilelile. Kurudiarudia kumeingia kwenye filamu! Na gharama yake imeonyeshwa. Ndoa inavunjika. Baadaye watoto wanataka kwenda kuishi na baba yao, na mama hana la kujibu, kwa maana wanachosema ni kweli: hayupo. Hapo Goldwyn hajampamba. Upendo kwa kaka umelipwa kwa fedha ya watoto, nao hawakuulizwa. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya filamu, na inapita bila mbwembwe.

Tatizo langu ni lile nililolitaja mwanzoni, la kumgeuza kuwa kitu kingine. Betty Anne anastahili filamu kwa kuwa alipata shahada. Angebaki mhudumu wa baa anayeandika barua kila wiki kwa miaka 18, nani angemtengenezea filamu? Kisa ni cha kweli, kwa hiyo simlaumu Betty Anne, Mungu aepushie mbali. Nalaumu jicho linalochagua kisa hiki kati ya maelfu. Mama Sarah hakuwa na shahada, na tumeshaona alikowekwa.

Kuna pia suala la mwisho. Filamu inaishia kwenye uhuru, kaka na dada wamekaa pamoja, mandhari tulivu. Haisemi kwamba Kenneth alianguka kutoka ukutani Septemba 2001 akaumia kichwa na kufa, miezi sita tu baada ya kutoka. Hata yale maandishi ya mwishoni hayasemi. Kwa nini? Watatuambia kwamba kifo kile kilikuwa ajali, hakihusiani na kesi. Lakini kwa aliyetoa miaka 18 kwa ajili ya miezi sita, kinahusiana. Mtazamaji akiijua hesabu hiyo ataitazama upya kila saa ya darasani, kila simu, na hasa wale watoto wawili mlangoni na mabegi yao. Huenda bado angesema ilistahili. Mimi nadhani ilistahili. Lakini filamu ingetuacha tuamue wenyewe, badala ya kutufichia bei.

Na si Kenneth pekee aliyefichwa. Filamu ilipotoka, watoto wa marehemu Katharina Brow walilalamika hadharani kwamba hawakushauriwa. Katika hadithi za rufaa aliyeuawa huwa sababu tu ya kuanzisha msuko, kama vile maiti ya ukurasa wa kwanza katika riwaya ya upelelezi. Watu watano wa Guildford nao wanapata dakika chache za mlipuko mwanzoni mwa filamu ya Sheridan, basi. Kila anayemfuatilia ndugu yake mahakamani anajua kwamba upande wa pili wa ukumbi kuna benchi jingine la familia. Kamera hizi mbili hazigeuki kulitazama kwa muda wa kutosha.

Wenzetu watauliza: na fasihi yetu je? Kwenye gereza hatuna njaa ya kazi. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki (1973) akiwa mfungwa wa kisiasa Kenya kati ya 1969 na 1972, na Adam Shafi alitupa Haini (2003), iliyojengwa juu ya yaliyofuata mauaji ya 1972 Zanzibar. Ni kazi kubwa. Lakini nguvu yake iko kwenye sauti ya aliye ndani, na kifungo ni cha siasa, ambapo msomaji hasiti asimame upande gani. Mwizi, muuaji, mtu aliyefungwa maisha kwa kosa la aibu ambalo ukoo haulitaji mbele ya wageni, huyo naye ana mama. Lugha yetu imeshatusaidia nusu ya kazi: rufaa ni neno la mahakama na pia la hospitali, na kote kuwili kuna mtu kwenye benchi la nje ameshika karatasi asiyoweza kuisoma.

Naamini jukwaa linaliweza hili kuliko filamu, kwa sababu jukwaani kurudiarudia si dosari, na hakuna mtayarishaji wa kulikata onyesho mara nne. Dirisha moja, karani nyuma yake, mwanamke yuleyule anakuja mara tano. Jibu ni lilelile. Mara ya kwanza ana mtoto mgongoni; mara ya tano mtoto huyo ndiye anayemsomea tangazo lililobandikwa ukutani. Nasikia kikundi cha sanaa cha idara yetu kinatafuta mchezo wa muhula ujao. Onyesho la kwanza ninalo tayari, kurasa saba kwa mkono, atakayelitaka aniulize maktaba.