Watendwa wa Shakahola: Usawiri wa Waumini katika Taarifa za Habari

Makaburi ya msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, yalipoanza kufukuliwa Aprili 2023, vyombo vya habari vya Kenya vilisimulia mkasa huo kwa muundo ambao haukubadilika sana. Yupo mhubiri, Paul Mackenzie, aliyebandikwa sifa ya "tata" hata jina lake likawa nadra kutajwa bila kivumishi hicho. Wapo pia wafuasi, ambao katika sarufi ya taarifa hizo ni watendwa daima: walipotoshwa, walipumbazwa, walishawishiwa. Kauli hii ya kutendwa humpa mtu mmoja utashi wote (naye aliyakana mashtaka mahakamani mwaka 2024) na kuwaacha mamia ya wengine wakiwa wahusika bapa.

Kwa watoto waliokuwa miongoni mwa maiti zaidi ya 400, kauli hiyo inastahiki. Hao hawakuchagua lolote. Lakini watu wazima walioukataa mfumo wa shule na hospitali walikuwa na hoja, hata ikiwa ni hoja ya maangamizi. Hoja hiyo haikudadisiwa. Ilifungiwa katika neno "itikadi kali".

Udhaifu wa usimulizi huu ulijifichua Juni 2023. Manusura 65 waliohifadhiwa katika kituo cha uokoaji, Mtwapa, walikataa kula, wakafikishwa katika mahakama ya Shanzu kwa tuhuma za kujaribu kujiua. Ghafla watendwa wakawa watenda, na lugha ya habari haikuwa na nafasi ya kuwaweka. Wakaendelea kuitwa "waliookolewa" ilhali wao wenyewe waliukataa uokozi. Kitendo chao kikaitwa mgomo, istilahi ya siasa na viwanda, si saumu. Na kwa uteuzi huo wa neno moja kilihamishwa kutoka uwanja wa imani hadi uwanja wa sheria. Mfungo wa Ramadhani na wa Kwaresima huandikwa kwa heshima kila mwaka katika kurasa hizohizo. Mpaka kati ya saumu na kujiua upo, bila shaka, ila haukuchorwa.

Msamiati huu una nasaba. Dini ya Msambwa haikuwa Shakahola hata kidogo, lakini serikali ya kikoloni ilipomfungia Elijah Masinde katika hospitali ya Mathari mwaka 1945, madai yake nayo yaligeuzwa kuwa dalili za maradhi. Katika taarifa za Shakahola, wanaonukuliwa aghalabu ni wapelelezi, waendesha mashtaka na madaktari; maneno ya wale 65 humfikia msomaji kupitia kwa hao.