Kusaka Chenga

Kioo cha kompyuta kinapotikisika, kikizimika kwa sekunde moja au kujaa chenga, mara nyingi ubovu hauko ndani yake. Hutoka kwenye nyaya za ukutani, kwenye friji ya jikoni au kwenye adapta iliyochomekwa soketi ya pembeni. Kuufuatilia ni ufundi kamili, ingawa hauna karakana, na kazi huanza kwa swali kabla ya bisibisi ya testa: hutokea lini?

Friji ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kompresa inapoanza, huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Inapokatwa, nguvu iliyojikusanya katika koili ya mota hutafuta pa kwenda, na cheche huruka kati ya ncha za swichi yake. Cheche hiyo ni kituo kidogo cha redio: hurusha kelele katika masafa mengi kwa pamoja, na waya wa HDMI wenye kinga hafifu huipokea. Picha ya kidijiti haichakai polepole. Ikizidiwa, kioo hupoteza mawasiliano, huwa cheusi, kisha hujiunga upya na kompyuta. Fundi makini hapo hutazama taa ya chumbani kwanza. Taa ikififia pamoja na kioo, umeme umeshuka, na lawama ni ya waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Taa isipotetereka, ni kelele. (Balbu ya zamani ya nyuzi ni shahidi mzuri, nyingi za LED huficha mshuko.) Anayekimbilia dukani kununua stabilaiza kwa sababu ya kelele ametibu ugonjwa usiokuwepo.

Kuna pia kioo kinachozimika mtu anapoinuka kitini. Wengi hawaamini mpaka waone, lakini ni umeme tuli tu: hukusanyika kati ya nguo na kiti, hasa kwenye hewa kavu, na mpasuko wake huingia kwenye waya wa picha.

Monita za chogo zilikuwa na tabu yake. Ndani yake picha ilichorwa kwa mwale wa elektroni, na mwale huo hupindishwa na sumaku yoyote iliyo karibu, iwe ya transfoma, ya spika au ya nyaya nene zinazopita ukutani. Umeme wa nyumbani Afrika Mashariki hugeuka mara 50 kwa sekunde. Kioo kilichochorwa mara 60 kwa sekunde kilitikisika mara 10, yaani tofauti ya namba hizo mbili. Aliyeshusha kioo hadi 50 aliona mtikisiko umekoma, kumbe picha ilibaki imepinda palepale, ila haikutembea tena. Kusogeza monita nusu mita kulitibu zaidi, kwa sababu uga wa sumaku hupungua haraka kwa umbali.

Mistari mipana inayopanda au kushuka kwenye picha ya waya wa VGA huelekeza kwenye ethi. Kompyuta na kioo vikichomekwa soketi mbili zilizo mbalimbali, au waya wa dishi ukiunganishwa na mojawapo, ethi mbili zisizolingana hupitisha mkondo mdogo kwenye kinga ya waya wa picha. Dawa ni kuvichomeka vyote kwenye ekstensheni moja. Wapo wanaokata pini ya ethi, na mistari hupotea kweli. Pamoja nayo hupotea kinga ya mtu dhidi ya kupigwa na umeme. Huo si ufundi.

Muda ukikosa kufichua chanzo, redio ndogo ya betri huanza kazi. Hufunguliwa kwenye mawimbi ya kati, pasipo na kituo, kisha hutembezwa chumba hadi chumba. Mkwaruzo hukua kadiri inavyokaribia chanzo. Inafaa kwa kazi hiyo: kamati ya kimataifa ya CISPR, inayoweka viwango vya kelele za umeme, iliundwa mwaka 1934 kwa ajili ya kulinda usikivu wa redio. Aghalabu mkosaji huwa chaja ya bei nafuu, swichi ya kupunguza mwanga au inveta isiyotoa umeme laini. Hutolewa kimoja kimoja, kwa kuwa anayebadilisha vitu vitatu kwa mara moja hatajua kilichoponya.

Marekebisho yenyewe ni machache: waya mfupi wenye kinga nzuri, soketi ya laini tofauti na ya friji, au kile kibonge cheusi cha feraiti kinachobanwa karibu na ncha ya waya ili kuzuia mkondo wa masafa ya juu. Redio ikikwaruza karibu na swichi kuu yenyewe, kuna uwezekano wa kiungo kinachorusha cheche. Umeme huzimwa na fundi mwenye leseni huitwa. Na ikiendelea kukwaruza nyumba nzima ikiwa imezimwa, chanzo kiko nje, kwa jirani au kwenye vikombe vya nguzo, na vikombe hivyo ni kazi ya shirika la umeme.