Maelezo ya Pambizoni na Skrini Finyu: Uhakiki wa Namna ya Kuhamisha Matini kutoka LaTeX hadi Wavuti

Makala haya yanakusudia kuhakiki jambo ambalo wengi wetu tumewaachia mafundi wa kompyuta, nalo ni hatima ya maelezo ya pambizoni pale matini iliyopangwa kwa LaTeX inapogeuzwa kuwa ukurasa wa wavuti. Hoja yangu ni kwamba mahali pa maelezo ni sehemu ya uhariri wenyewe. Yeyote anayeamua maelezo yakae wapi kwenye skrini ya simu anafanya kazi ya mhariri, apende asipende.

Tuchukue mfano wa mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa nusu ya kwanza ya karne ya 19. Mashairi hayo yalikusanywa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akasaidiana na W. E. Taylor kuyahifadhi, Hichens akayachapisha 1940, na M. H. Abdulaziz akayatolea kitabu chenye maelezo ya kihistoria 1979. Kila mmoja wao alijua kwamba beti za Muyaka hazisomeki peke yake. Msomaji asiyejua mvutano wa Mazrui na Seyyid Said, uliomalizika kwa Mazrui kupoteza Mombasa 1837, atayaona mafumbo bila kuuona mji uliyoyazaa. Hata maneno mepesi humpoteza. Kongowea katika ushairi wa kale ni jina la Mombasa yenyewe, lakini mwanafunzi wa leo alionapo neno hilo huwaza soko lililo ng'ambo, upande wa Nyali. Asipoonyeshwa maana ya kale papo hapo, hatajua kwamba amekosea, wala hatakuwa na sababu ya kuitafuta. Kosa la namna hii ni baya kuliko kutojua neno, kwa kuwa halimsimamishi msomaji.

Katika LaTeX, mfumo ambao Leslie Lamport aliujenga miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth, amri ya \marginpar huweka maelezo kando ya mstari uliotajwa. Maelezo mawili yakigongana, la pili husukumwa chini kidogo, na programu humwonya mwandishi. Yote haya yanategemea ukurasa wenye upana usiobadilika. Wavuti hauna ukurasa wa namna hiyo. Matini ile ile husomwa kwenye kompyuta ya maktaba na kwenye simu ya mkononi, na tangu Ethan Marcotte alipoandika 2010 juu ya usanifu unaoitikia upana wa skrini, imekuwa desturi mpangilio ubadilike kwa kadiri ya chombo. Skrini ikiwa finyu, pambizo hutoweka. Je, maelezo yaende wapi?

Desturi mbili zimeenea. Ya kwanza ni kuyatupa maelezo yote mwishoni. Katika kitabu, tanbihi hukaa chini ya ukurasa ule ule, hatua moja ya jicho. Katika wavuti, mwisho wa ukurasa ni mwisho wa kazi nzima. Anayesoma utenzi wa beti mia tatu atalazimika kusafiri hadi chini na kurudi kwa ajili ya neno moja, naye baada ya safari mbili ataacha.

Ya pili ni kuyaficha. Mfano wake maarufu ni Tufte CSS, mtindo uliobuniwa kuiga vitabu vya Edward Tufte, ambavyo maelezo yake hukaa pambizoni. Katika skrini pana mtindo huu ni mzuri sana. Lakini skrini isipozidi upana wa pikseli 760, maelezo hufichwa mpaka msomaji aguse alama ndogo. Kwa insha ambayo maelezo yake ni nyongeza tu, sina ugomvi na mpango huo. Kwa ushairi wa kale naukataa. Yule aliyedhani Kongowea ni soko hataigusa alama, kwa kuwa hajui kwamba ana haja nayo. Zaidi ya hayo, maneno yaliyofichwa hayaonekani mtu anapotafuta neno ndani ya ukurasa.

Dawa yake si ngumu, ila huanza kabla ya ugeuzaji. Kwanza, mhariri asitumie \marginpar kwa kila jambo. Aunde amri mbili: moja ya maana za maneno, kama vile *ndia* kwa njia na *mato* kwa macho katika Kimvita, na nyingine ya maelezo ya historia. Programu ya kugeuza iagizwe kuzihifadhi aina hizo mbili mbalimbali. Pili, katika mfuatano wa maandishi ya HTML, maelezo yafuate mara baada ya ubeti unaohusika. Katika skrini pana, CSS itayavuta hadi pambizoni. Katika skrini finyu yataachwa palipo zamu yake, chini ya ubeti, kwa herufi ndogo zaidi na namba ya mshororo. Maana za maneno zionekane daima. Maelezo marefu ya historia yanaweza kukunjwa, lakini sentensi yake ya kwanza ibaki wazi.

Itasemwa kwamba mpango huu unaukatiza ushairi. Ni kweli, nao una gharama: jicho halitapita tena kutoka ubeti hadi ubeti bila kizuizi. Ndiyo maana napendekeza maelezo yasubiri ubeti ukamilike, yasiingie katikati ya mishororo. Anayetaka kusoma bila maelezo apewe kitufe cha kuyaondoa. Tofauti ni kwamba atayaondoa akijua yapo.

Wanafunzi wangu wengi husoma kwa simu. Kwao, toleo la simu ndilo toleo lenyewe, nao hawatalifungua lile la skrini pana ili kulinganisha. Ikiwa tunaona fahari kwamba wazee wetu walihifadhi maneno pamoja na maana zake, haitufai kuwapa vijana maneno na kuzizuia maana kwa sababu ya upana wa kioo. Idara zinazoandaa matoleo ya wavuti hazina budi kuuandika uamuzi huu katika kanuni zao za uhariri, kando ya kanuni za tahajia.