Fundi Aliyeusubiri Moshi

Mwezi wa saba, asubuhi ya Sumbawanga ina baridi ya kuuma masikio, na kila ekzosi mjini inatoa moshi mweupe. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam anaweza kudhani pikipiki zote za Rukwa zimekufa injini. Fundi ninayemsema, mzee ambaye karakana yake ni kivuli cha mkaratusi na boksi la spana, haugeukii hata kidogo. Anajua ni mvuke. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, na maji hayo yakipita kwenye bomba la baridi lazima yaonekane. Yeye hungoja bomba lipate moto ndipo ahukumu. Nusu ya ufundi wake ni huko kungoja, na ndiyo nusu ambayo vijana wanaomzunguka hawajaitaka.

Nilimkuta na Honda XL 125 iliyotoka ghalani. Mwenyewe alikuwa bwana shamba. Alipofariki ikasukumwa nyuma ya magunia ya mahindi, ikakaa huko mpaka mwanawe alipoamua kuifufua. Ufipa ina pikipiki nyingi za namna hiyo. Kabla ya lami kufika kutoka Tunduma, Honda na Yamaha za misheni, za kilimo na za afya ndizo zilizoingia vijijini wakati wa masika, zikastaafu pamoja na waliozipanda.

Mzee hakuanza kwa kupiga kiki. Alimwaga petroli ya zamani, iliyokuwa imegeuka rangi na kunuka kama vanishi. Akafungua boksi la filta, akatoa kiota cha panya kilichofumwa kwa maganda ya mahindi. Akapitisha waya kwenye ekzosi, ukaanguka udongo wa nyigu. Halafu akachomoa plagi, akadondosha oili kidogo ndani ya silinda, akaisukuma kiki kwa mkono, polepole, na kuiacha ilale hivyo.

“Shikamoo fundi. Itawaka leo?” kijana aliuliza.

“Marahaba. Umeiacha miaka yote hiyo, leo unaipimia dakika?”

Kesho yake iliwaka, na uwanja mzima ukajaa moshi wa bluu. Kabla haujatawanyika hukumu ilikuwa imeshatolewa. Fundi wa banda la pili alisema ringi. Mwenzake akasema ringi ni kupoteza hela, abadilishe bloku nzima, ipo dukani, ya Kichina, bei poa. Mwenye pikipiki alishashika simu kutafuta wa kumtumia fedha.

“Tulieni,” mzee alisema. “Huo ni moshi wa ghala. Wa injini bado.”

Hapo ndipo ufundi wake ulipo. Wahenga walishasema panapofuka moshi pana moto; fundi anauliza huo moto unaunguza nini. Injini iliyolala muda mrefu, moshi wake wa kwanza ni wa yaliyopita: oili iliyowekwa jana ili kulainisha silinda, kutu, masizi yaliyonyonya unyevu, ringi zilizoganda kwenye mifereji yake na bado hazijaachia. Ukihukumu wakati huo, unahukumu usingizi. Kwa zile Yamaha zinazochanganya oili na petroli mtego ni mkubwa zaidi, kwa sababu oili ya miaka hujikusanya ndani ya ekzosi, na pikipiki nzima kabisa inaweza kufuka njia nzima mpaka bomba likauke. Lakini hizo hizo zina sili za krenki, ambazo zikikauka injini huanza kunywa oili ya giaboksi, na moshi wa namna hiyo hauishi. Kinachotofautisha hali hizo mbili ni muda tu.

Alichotoa mfukoni baadaye sikukitarajia: kitambaa cheupe, kilichofuliwa, kilichokunjwa mara nne. Kitambaa cha kufutia mikono kilikuwa begani, cheusi kama sufuria. Hiki cheupe kilikuwa na kazi yake. Aliushika ukingo mmoja umbali wa shubiri kutoka mdomo wa ekzosi, injini ikiwa bado ya baridi, kisha akautazama. Maji, na vitone vya kahawia. Alivisugua kwa kidole gumba, vikateleza. Akanusa. Injini ilipopata moto alitumia ukingo wa pili: vitone vilikuwa vimepungua, hata kuvihesabu kulihitaji macho. Ukingo wa tatu akapigia resi, akiachia na kuvuta, ukatoka na masizi makavu bila oili. Akakitandika kitambaa kwenye siti, juani, ili kijana aone mwenyewe. Ukingo wa nne hakuugusa.

Ringi zilikuwa zimepona, kwa sababu ringi mbovu hutoa bluu unapovuta mafuta, injini ikibeba mzigo. Bado aliiwasha tena asubuhi iliyofuata, ikapuliza wingu moja la bluu na kunyamaza. Akamtuma kijana ateremke mlima mafuta yamefungwa, avute akifika chini. Wingu lile lile likatoka. Oili ilikuwa ikishuka kupitia valvu, kwenye visili vya mpira vilivyokauka ghalani. Alifungua kichwa tu. Silinda na pistoni za Kijapani zilizoundwa na mtu mwenye heshima na kazi yake ziliachwa zilale zilipo, na wale waliotaka bloku mpya walirudi kwenye mabanda yao.

Yale masizi makavu nayo hayakumtisha. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kati ya sita kuliko hewa ya pwani, na kabureta iliyopimiwa pwani itamwaga petroli kupita kiasi ikifika huku. Teremka nayo Muze, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, au Kasanga ziwani Tanganyika, urefu wa kama mita elfu moja kwenda chini, na weusi unapungua bila spana kuguswa. Mzee alibadilisha jeti kwa ndogo zaidi. Nimewaona wengine wakibadilisha kabureta.

Nchi hii iliwahi kuwa na mabingwa wa kungoja. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuri ya udongo yaliyofika hata mita tatu, yaliyovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto; chuma kikapelekwa kusafishwa kwenye tanuri dogo, kintengwe. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda aliyafanyia utafiti mabaki hayo. Tanuri la namna ile likishawashwa halipasuliwi katikati ili mtu achungulie. Yanayoendelea ndani lazima uyajue ukiwa nje, ama mkaa na mawe na nguvu za watu vipotee bure.

Siku hizi tunapasua. Wala siwalaumu sana wale vijana wa mabandani. Mteja wao ni dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu jioni. Pikipiki inayongojwa ipoe, ipate moto, ipoe tena, haileti hesabu. Fundi analipwa kwa alichobadilisha, halipwi kwa alichokiacha. Mzee alidai pesa ya visili viwili na jeti moja, na nilimsikia mtu akisema anajishusha thamani. Nadhani sisi ndio tulioshusha. Hana mwanafunzi hata mmoja. Aliyekuwa naye aliondoka kwenda kuuza bloku.

Wewe mwenye pikipiki ya baba yako ghalani, iwe Laela, Matai au Chala: mwaga petroli ya zamani, mfukuze panya, iwashe, uiache ipate moto, kisha utafute kitambaa cheupe. Atakayekuambia ufungue injini kabla ya hapo, mwambie arudi kesho. Bloku zipo dukani, hazitakimbia.