Pwani ya Kubandika

Mswada wa pwani ukiwa na "yakhe" kila ukurasa, anza kuutilia shaka. Maneno ya rangi huazimika kwa urahisi. Mtu wa Dodoma akishinda siku chache Forodhani, Unguja, atarudi na tungule, mbatata na skuli, naye atazimwaga zote sura ya kwanza. Anayetaka kujua kama sauti ni ya kwao kweli aangalie viungo vidogo vya sentensi, pale ambapo mwandishi hajui kama anatazamwa.

Kipimo changu cha kwanza ni kitenzi cha mazoea. Mtu wa Unguja atakwambia babu huja Ijumaa. Tanzania bara, mazungumzoni, babu anakujaga. Kenya bara utasikia anakujanga. Basi mhusika aliyezaliwa na kukulia Mji Mkongwe, asiyetia mguu nje ya kisiwa, akisema "anakujaga", aliyesema ni mwandishi. "Niko na" ni vivyo hivyo: Nairobi watu wako na njaa, Unguja wana njaa.

Tahajia ni shahidi dhaifu kuliko wengi wanavyodhani. Kitabu kilichochapishwa kimepita kwa mhariri, na tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, wahariri wamekuwa wakinyoosha kila kitu kuelekea Kiunguja. Hata kwenye mswada mbichi, "karamu" mahali pa "kalamu" haikutajii kijiji. Wanaochanganya r na l wametapakaa toka Ziwa Victoria hadi Mlima Kenya. "Mutoto" na "mutu" zinasema zaidi, hasa zikifuatana na "feza": hapo elekeza macho Kongo. Linalonifurahisha ni kosa la kujisahihisha kupita kiasi. Anayeandika "hamani" na "dhawadi" katoka mahali ambapo h na dh hazitamkwi, na kakosolewa mara nyingi mno.

Kimvita ndicho kinachowaumbua waigaji. Wamesikia kwamba Mombasa macho ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka, nao wanadhani wamepata kanuni: kila ch igeuzwe t. Haiendi hivyo. Mmvita anapika mtele, lakini anakula chakula wala si "takula", na anakunywa chai kama sisi sote. Ch inayotokana na kiambishi ki- mbele ya irabu haiguswi, wala ile iliyokuja na maneno ya kigeni. Ukitaka kuzoeza sikio, soma *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla, mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972. Kimvita chake hakijipambi, kwa kuwa hakina mtu wa kumwonyesha. Halafu rudi kwenye mswada wako. Ukikuta "niko na mato mekundu", ufunge, ukanywe chai.

Vitu navyo vina mitego yake. Mwanamke wa Mombasa hujifunga leso. Wa Dar es Salaam akijifunga leso, msomaji wa Kariakoo atajiuliza kitambaa cha kufutia jasho kimemtoshaje kiunoni.

Hakuna anayekatazwa kuandika kuhusu mahali pasipo kwao. Ken Walibora alikuwa Mkenya wa magharibi, lakini *Siku Njema* (1996) inaanzia Tanga. Kwa maoni yangu alifanya vyema kutoigiza Kitanga: msimulizi wake anatumia Kiswahili cha kitabuni, kilichopigwa pasi, na hakivui pasi hiyo njiani. Mimi ningempa alama za juu kuliko mwigaji hodari anayechoka ukurasa wa arobaini.

Ila msomaji mkali naye asikimbilie kalamu nyekundu. Dar es Salaam mteja husema "naomba maji". Nairobi ni "nipatie maji", na hakuna anayeona ukosefu wa adabu. Ukikutana na kijana wa Nairobi anayesema "naomba" dukani, soma kurasa chache mbele kwanza. Huenda mama yake ametoka Moshi.