Hongera kwa Katibu wa Klabu

Hongera yangu leo haiendi kwa mfunga mabao. Inakwenda kwa katibu wa klabu ya ridhaa huko England, anayeketi jikoni usiku, kazi ya mchana ikiwa imemchosha, akipekua vyeti vya huduma ya kwanza vya makocha kuona kipi kinakaribia kwisha muda.

Makaratasi ya aina hii ndiyo yaliyodaiwa na Clubmark, alama ya ubora kwa klabu za ridhaa, hasa zenye watoto, iliyoanzishwa na shirika la michezo la Sport England mwaka 2002. Vikombe havikuinunua. Klabu iliulizwa: makocha wamesomea? Mazoezi yanalingana na umri wa watoto? Katiba ipo? Mlango uko wazi kwa kila mtu? Swali zito kuliko yote lilikuwa usalama wa mtoto. Ilikuwa lazima awepo ofisa ustawi anayejulikana kwa jina, na wanaofundisha watoto wachunguzwe kama wana rekodi ya uhalifu kabla ya kukabidhiwa filimbi.

Wapo wanaoyaona makaratasi haya usumbufu mtupu. Mimi nayaheshimu mno. Namba ya ofisa ustawi ikibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, mtoto wa miaka tisa anayemwogopa kocha wake anajua pa kukimbilia. Mzazi anayemshusha mwanawe uwanjani na kuwahi kazini hamjui aliyeichapa karatasi ile na kuibandika. Katibu huyu halipwi hata senti. Mwakani atalifungua faili lilelile, aanze kukagua upya.