Vigae viwili, miili mitatu

DS02, mfumo wa mwaka 2002 wa kukadiria dozi za mionzi walizopata manusura wa mabomu ya atomiki, umesifiwa sana, na haki yake ipo. Mzozo wa nyutroni za Hiroshima, ambako vipimo na hesabu vilipingana, ulizimwa, bomu likapandishwa kutoka mita 580 hadi 600, nguvu yake kutoka kilotani 15 hadi 16. Kazi safi. Waundaji wake walipofika kwenye mwili wa binadamu wakachoka.

Fantomu, yaani miili ya kuigiza ya kwenye hesabu, wakaziacha zile zile za DS86, mfumo uliotangulia: kichanga, mtoto, mtu mzima. Basi! Kila mwenye miaka 3 hadi 12 ni "mtoto" wa kilo 20 hivi. Ukivuka hapo unavishwa mwili wa kilo 55.

Rudini Hiroshima, Agosti 6, 1945. Wanafunzi wa miaka 12 na 13 wako nje wanasaidia kubomoa nyumba ili moto usipate pa kupita. Wawili wanapokezana vigae, mabega sawa, wamepishana miezi. Kwenye hesabu, huyu ana mwili wa mtoto wa miaka mitano, yule ana mwili wa baba yake. Nyutroni nazo si gamma: haidrojeni iliyomo mwilini inazipunguza kasi, kila sentimita ya nyama ina bei yake. Mkondeshe wa miaka 12, utumbo wake mpana utapewa nyutroni ambazo hazikuufikia. Mnenepeshe wa 13, atapunjwa. Halafu kosa linazidishwa mara 10, ule uzito ambao nyutroni hupewa kwa kudhuru kuliko gamma, nilioulalamikia humu mpaka mhariri akanikataza. (Utumbo mpana ndio unaosemea mwili mzima.)

Nitaambiwa nyutroni zilikuwa sehemu ndogo ya dozi. Ndogo, naam, kabla hujaizidisha kwa kumi. Mwaka 1986 kompyuta zilikuwa udhuru. Mwaka 2002 udhuru gani?

Wazee wa Ichiban, mradi wa Kimarekani wa kupima dozi hizo, wasingekubali. Mwaka 1962 John Auxier na wenzake walipandisha kinu cha nyuklia kisicho na ngao kwenye mnara wa mita 465 jangwani Nevada, na chini wakajenga nyumba za Kijapani, ili wajue ukuta unazuia nini. Nyutroni za T65D, mfumo uliotokana na kazi yao, zilikuja kuwaumbua, najua, msiniandikie. Lakini walichoweza kukipima hawakukikadiria.

Fantomu mpya za manusura hao, J45, zilitoka 2019: kichanga, miaka 1, 5, 10, 15, mtu mzima, hata mjamzito. Mbeba vigae wa miaka 12, kama alinusurika, alikuwa na 86.